Msiwatoe Wazee Majini

Mwambie mtu wa Tanga, wa Dar es Salaam au wa Mombasa kwamba mama yake mwenye miaka 68 ameanza kujifunza kuogelea, utaona anavyokunja uso. Kwanza atauliza nani kamruhusu. Kisha atauliza kama daktari anajua. Mwisho atauliza mtu mzima anafuata nini baharini, ilhali nyumba ipo, kiti kipo, na wajukuu wapo wa kumletea kila anachotaka.

Rai hiyo haitokani na roho mbaya. Wanaoishika ni watu wanaowapenda wazazi wao, kwa hiyo nitaieleza kama wanavyoieleza wenyewe. Wanasema mwili wa mzee umepungua joto, na maji yatamtia baridi ya viungo na ya kifua. Wanasema mazoezi yanamfaa, naam, lakini kutembea kunatosha: hakuna kiingilio, na hakuna aliyewahi kuzama barabarani. Wanasema kuogelea hujifunzwa utotoni, na asiyejua akiwa na miaka 60 basi tena. Wanasema bahari inaua hata vijana. Na wanasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mtu mwenye wajukuu huvunja heshima yake akionekana na nguo zilizolowa mbele za watu.

Baadhi ya hoja hizo zina ukweli ndani yake, nami nitautaja. Lakini rai yenyewe naipinga, kwa sababu inawagharimu wazazi wetu miguu yao, na gharama hiyo hatuioni kwa kuwa hailipwi kwa siku moja.

1. Baridi

Naanza na baridi kwa sababu ndiyo hoja inayowanyamazisha wazee wenyewe. Maji ya bahari yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hukaa kati ya nyuzijoto 25 na 30 hivi mwaka mzima. Maradhi ya goti yanayowasumbua wazee wengi ni kuchakaa kwa kiungo: gegedu linalofunika ncha za mifupa limelika, na misuli inayolishikilia goti imelegea. Yanayochochea hali hiyo ni umri, uzito mkubwa, majeraha ya zamani, kazi za miaka mingi za kuinama na kubeba, na kurithi. Bahari haimo katika orodha hiyo. Wapo wanaosikia maumivu zaidi siku za baridi, na siwabishii, lakini baridi inayomfanya mtu asikie maumivu siyo iliyolila gegedu lake. Nimonia nayo huletwa na vijidudu, haipenyi kwenye ngozi iliyolowa.

Ukweli uliomo ndani ya hofu hii ni mdogo, nao ni huu: maji huchukua joto la mwili haraka zaidi kuliko hewa, takriban mara 25, na mzee hupoa upesi kuliko kijana. Dawa yake ni kutoka majini baada ya nusu saa, taulo kavu, nguo kavu na kikombe cha chai ya tangawizi, hasa miezi ya kusi upepo unapokaza. Hatari inayozuilika kwa taulo haiwezi kuwa sababu ya kumfungia mtu ndani.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo wenye hoja ya baridi hawajalijibu. Nenda upwa wa Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, maji yakipwa wakati wa bamvua. Kilimo cha mwani kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu siku hizo waliokibeba ni wanawake, wengi wao sasa ni mabibi. Hushinda saa nyingi ndani ya maji ya magoti na ya kiuno, migongo imepinda, wakifunga na kukata mwani, kisha huubeba ukiwa umelowa. Hakuna mtoto anayekwenda kumtoa mama yake mle kwa kuhofia baridi. Bibi huyohuyo akisema jioni anataka kuingia maji ya kifua aunyooshe mgongo uliopinda mchana kutwa, hapo ndipo anapokumbushwa umri wake. Maji ni yaleyale na mwili ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii hatarudi na mwani.

Na kuna gharama nyingine hapohapo. Maji ya kina kifupi yamekuwa yakipata joto hadi mwani unaharibika, na suluhisho linalopendekezwa ni kuupanda kwenye maji ya kina. Wakulima waliolelewa wakiambiwa kuogelea si kwao hawawezi kuufuata huko. Miaka thelathini ya kazi baharini, na bahari yenyewe hawakufundishwa.

2. Kutembea kunatosha

Hoja hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Kutembea ni zoezi jema. Tena kuna jambo ambalo kutembea hulifanya na kuogelea hakulifanyi vizuri: kuimarisha mifupa. Mfupa hukazana unapobebeshwa uzito, na maji kazi yake ni kuupunguza uzito. Mwenye miguu inayomruhusu na atembee, na aogelee pia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na juu ya hayo wawe na mazoezi ya nguvu za misuli na ya kujizuia wasianguke. Kutembea peke yake hakutimizi yote hayo. Wala kuogelea.

Ila tumtazame anayeambiwa atembee. Mara nyingi ni mtu ambaye goti lake limekwisha kukataa. Kila hatua kwenye ardhi ya kawaida hulibebesha goti uzito wa mwili mara mbili au tatu. Mama mwenye kilo 80 anapokwenda sokoni, goti moja linapokea mzigo unaozidi kilo 160 kila anapokanyaga. Anajitahidi Jumatatu, anajitahidi Jumanne, Jumatano goti limevimba na hatoki. Misuli ya paja inapungua kwa kukaa, uzito unaongezeka, na atakapojaribu tena goti litauma zaidi ya mwanzo. Sisi tunaomtazama tunasema amekuwa mvivu. Tumempa zoezi moja tu duniani, lile ambalo mwili wake hauliwezi, kisha tunamlaumu kwa kulishindwa.

Mama huyohuyo akisimama kwenye maji ya kiuno anabeba karibu nusu ya uzito wake. Kwenye maji ya kifua, theluthi hivi. Kwenye maji ya shingo, sehemu moja ya kumi, yaani kilo 8. Goti ambalo nchi kavu halikunji bila kuguna, mle linakunja na kunyooka. Wakati huohuo maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, kwa hiyo kila anaposukuma mkono au mguu anakutana na ukinzani: kwenda na kurudi, juu na chini. Ni mazoezi ya nguvu yasiyo na chuma cha kumwangukia.

Hili limepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin waliwachukua watu 48 wa makamo na wazee wenye viungo vilivyochakaa. Baadhi wakaogelea na wengine wakaendesha baiskeli ya mazoezi, dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: maumivu na ukakamavu wa viungo vilipungua, nguvu za misuli zikaongezeka, na waogeleaji hawakupitwa na wa baiskeli. Kabla ya hapo, mwaka 2012, watafiti wa chuo hichohicho walieleza habari za watu 43 waliopita miaka 50, wenye presha iliyopanda kiasi. Presha ya walioogelea kwa wiki 12 ilishuka, kwa namba ya juu, kutoka kama 131 hadi 122.

Upo pia utafiti usiokubaliana na huo, nami nautaja kwa sababu anayebishana kwa kuficha ushahidi hastahili kusikilizwa. Huko Perth, Australia, wanawake zaidi ya 100 wa miaka 50 hadi 70 waligawanywa, wengine watembee na wengine waogelee kwa miezi sita, na presha ya waogeleaji ikawa juu kidogo kuliko ya watembeaji. Kwa hiyo simwambii mtu aache vidonge vya presha kwa kuwa anaogelea. Namwambia aogelee, ameze dawa yake, na apime kila anapokwenda kliniki. Wanaosema maji ni dawa ya kila kitu nao wanapotosha, ila kwetu hao ni wachache. Wengi ni wale wanaosema maji ni sumu.

Kumebaki kuanguka, ambako mimi nakuogopa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni waliopita miaka 60. Mzee akivunjika nyonga kwetu, mara nyingi maisha aliyoyajua yameishia hapo: kitanda, vidonda vya mgongo, na familia nzima kupangiana zamu. Mjini Sydney wanaume zaidi ya 1,600 wenye miaka 70 na kuendelea walifuatiliwa, na walioogelea walikuwa na uwezekano mdogo wa kuanguka, kwa takriban theluthi moja. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba maji ndiyo yaliyowakinga. Huenda waliokwenda kuogelea walikuwa imara tangu mwanzo. Hata hivyo anayeelea analazimika kila dakika kuushika mwili wake sawa kwa misuli ya tumbo, mgongo na nyonga, bila kitu cha kukanyaga wala kuegemea. Misuli hiyohiyo ndiyo inayomwokoa mtu anapoteleza msalani.

Na huko anakoambiwa atembee ni wapi? Mitaa mingi ya miji yetu haina njia ya waenda kwa miguu. Kuna mtaro ulio wazi, rundo la mchanga wa fundi, na bodaboda zinazopita pande zote mbili. Kusema hakuna aliyezama barabarani ni kusahau waliovunjika humo.

3. Ameshachelewa

Mieko Nagaoka wa Japani alianza kuogelea baada ya kufikisha miaka 80, kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua. Mwaka 2015, akiwa na miaka 100, aliogelea mita 1,500 bila kukatiza, kwa saa moja na robo hivi. Simtaji ili kila bibi ashindane naye. Namtaja kwa sababu aliingia majini kutafuta nafuu ya goti, katika umri ambao sisi tumekwisha kumpangia mtu kona ya kukaa.

Wala mzee hahitaji kujua mitindo ili afaidike. Kwenda na kurudi ndani ya maji ya kifua kwa dakika ishirini ni zoezi kamili. Anayetaka zaidi ataanza kwa kujifunza kupuliza pumzi ndani ya maji, kisha kuelea chali huku mkono wa mtu ukiwa chini ya mgongo wake, kisha mkono huo uondolewe. Hapo umri unamsaidia: mwili wenye mafuta kiasi huelea kwa urahisi kuliko wa kijana aliyejaa misuli, na maji ya chumvi huelesha kuliko ya bwawa. Kinachomzamisha anayeanza ni hofu iliyomkaza shingo, na sehemu ya hofu hiyo tumempandikiza sisi.

4. Atazama

Hofu hii ina haki yake, na mtu mwenye mzazi asiipuuze. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri asiingie maji ya shingo bila kuzungumza na daktari, kwa sababu mgandamizo wa maji husukuma damu ya miguuni irudi kifuani na kuuongezea moyo kazi. Anayetumia insulini ale kwanza na awe na kitu kitamu pembeni. Mwenye kifafa asiingie bila mtu wa kumshika. Mwenye kisukari kilichoua hisia za miguu avae viatu vya mpira, maana anaweza kukatwa na mwamba asijue hadi kidonda kioze. Pwani ya Ziwa Victoria na ya Tanganyika ina kichocho, na vijito vya Unguja na Pemba navyo havikusalimika. Ninachosema hapa nakisema kuhusu bahari na mabwawa yenye maji yaliyotiwa dawa. Na hakuna mzee, awe hodari vipi, wa kuogelea peke yake au maji yanapokupwa kwa kasi.

Baada ya kukubali yote hayo, bado hoja haisimami. Inadhani kwamba asiyejifunza kuogelea ameepukana na maji. Wazee wa Ukara, wa Mafia na wa Pemba hupanda vyombo kwenda hospitali, kwenye misiba na harusi, watake wasitake. MV Bukoba ilizama Mei 1996. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba. MV Nyerere ilipinduka Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara, wakafa watu 228. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote, kwa maana wengi walinaswa ndani ya vyombo. Nasema katika nchi zenye maziwa kama haya na pwani kama hii, mtu kutojua hata kuelea chali dakika tano siyo usalama. Tumewazuia wazee kujifunza kwenye maji ya kifua, asubuhi tulivu, wakiwa na watu wa kuwashika, na tumeacha mkutano wao wa kwanza na maji ya kina uwe usiku, chombo kikienda mrama.

5. Heshima

Hoja ya heshima husemwa mwisho, lakini nadhani ndiyo mama wa hizo nyingine. Kama tatizo ni stara, stara ina majibu. Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea kwa miaka mingi wakiwa na mavazi yanayofunika mwili mzima, na walimu ni wanawake wa hukohuko. Kinachofaa kwa msichana wa miaka 14 kinafaa kwa bibi yake. Bwawa linaweza kuwa na saa za wanawake peke yao. Na Waislamu wa pwani hii wamesikia tangu chuoni ile kauli inayonasibishwa na Khalifa Omar ya kuwahimiza watu wawafundishe watoto wao kuogelea. Sijasikia mahali iliposemwa kwamba elimu hiyo iondolewe mtu akiota mvi.

Kama tatizo si stara bali hadhi, basi tuzungumze juu ya hadhi. Mzee aliyepoteza nguvu za mapaja hawezi kuinuka kitini bila kuvutwa. Haendi msalani peke yake. Huogeshwa na mkwe, au na msichana wa kazi wa miaka kumi na saba ambaye hata jina lake kamili halijui. Nimekwenda kuwajulia hali wazee walio katika hali hiyo, na jambo linalowaumiza kuliko maradhi ni kuvuliwa nguo na mtu wa umri wa mjukuu. Wapo ambao hatukuweza kuwakinga, kiharusi hakipigi hodi. Lakini wapo waliofika hapo kwa miaka kumi ya kukalishwa. Tuliwalindia heshima wasionekane na nguo zilizolowa, na heshima yenyewe tukaipoteza ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, kila asubuhi.

6. Rai iliyogeuka ukuta

Laiti rai hii ingebaki vichwani mwa watu, ningeandika kwa upole zaidi. Lakini rai huingia kwenye bajeti. Halmashauri inayoamini kuwa wazee hawaogelei haijengi ngazi yenye kishikio ya kuteremkia ufukweni, haiweki kibanda cha kubadilishia nguo wala choo, haiajiri mwokoaji. Mzee anafika, anakuta jiwe lenye utelezi, anarudi nyumbani. Kisha diwani anatazama ufukwe usio na mzee hata mmoja na kupata uthibitisho wa alichokiamini.

Vivyo hivyo ardhi yenyewe inaondoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ufukweni shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru uhifadhi wake, lakini kuta za hoteli na za nyumba za watu zinazidi kusogelea maji, na vichochoro vya kufikia bahari vinazibwa kimoja kimoja. Watalii wa miaka 70 wanaogelea upande mmoja wa ukuta, wengine wakiwa wameshauriwa hivyo na madaktari wao. Upande wa pili wazee wa kijiji wameketi, na hakuna anayewapigania kichochoro, kwa sababu tumekwisha kukubaliana kwamba hawakihitaji. Mabwawa nayo mengi yamo ndani ya hoteli na shule za ada kubwa, ambamo maji hulala bila mtu asubuhi nzima siku za kazi.

Kwa hiyo madai yangu hayaishii kwa watoto wanaowazuia wazazi wao. Kila halmashauri ya pwani itenge ufukwe mmoja wenye mchanga na mteremko mdogo, iweke ngazi na kishikio, choo, kivuli, mwokoaji aliyelipwa, na ubao unaoonyesha saa za maji kujaa na kupwa. Shule na hoteli zenye bwawa zikodishe kwa bei nafuu saa mbili za asubuhi, mara tatu kwa wiki, siku moja ikiwa ya wanawake tu. Na muuguzi wa dirisha la wazee, anayewaambia kila mwezi wafanye mazoezi bila kusema mazoezi gani, awe na jina la mahali pa kuwaelekeza wale ambao magoti yao hayawafikishi hata mwisho wa mtaa.